Uingereza: polisi wamemchukua mbwa kwa madai ni aina ya pit bull. Anarudije nyumbani?

Mlezi wa Simba

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua sheria ya mbwa ya huku England. Polisi walikuja na hati ya hakimu wakamchukua mbwa wetu, Simba. Ana miaka 3, tulimnunua mdogo tukaambiwa ni chotara wa Staffordshire Bull Terrier, na hajawahi kung'ata mtu wala mbwa mwenzake. Wanasema kwa umbo lake ni aina ya pit bull, basi.

Wameacha karatasi mbili. Moja ni orodha ya walichochukua, nyingine ni ya kusaini kwamba tunaacha umiliki. Afisa alisema tukisaini mambo yataisha haraka na hakuna atakayeshtakiwa. Hatujasaini.

Ninachotaka kujua: tusaini au tusisaini? Je, kipimo cha DNA kinaweza kumwokoa? Anaweza kusubiri kesi akiwa nyumbani? Na mahakama ikimwachia, tutaishi naye kwa masharti gani? Tunapanga, tupo kwenye jengo la ghorofa, na mume wangu yuko katikati ya maombi ya uraia, kwa hiyo neno "mashtaka" linatutisha.

Mshauri wa Kesi

Pole sana dada. Karatasi ya kuacha umiliki msiisaini mpaka wakili aione. Mkisaini, mbwa si wenu tena, na kifungu cha 1 cha Sheria ya Mbwa Hatari ya 1991 kinakataza kumuuza au kumgawa mbwa wa aina iliyopigwa marufuku, hata bure. Kwa hiyo polisi hawawezi kumpeleka kwa familia nyingine wala kituo cha kulelea mbwa. Anachomwa sindano ya kifo. Ni kweli mambo huisha haraka, lakini yanaisha kwa sababu hakuna tena mtu mwenye haki ya kusimama mbele ya hakimu kumtetea. Kukataa kusaini si kosa.

Leo hii andikeni namba ya kumbukumbu ya kesi, jina la afisa aliyekuja na jina la afisa wa sheria za mbwa wa kikosi hicho. Huyo wa pili ndiye aliyesomea kupima aina za mbwa, na maelezo yake ndiyo yatakayopelekwa mahakamani. Ombeni nakala ya hati ya upekuzi. Barabarani polisi wanaweza kumchukua mbwa bila hati, lakini kuingia ndani ya nyumba kumchukua kunahitaji hati ya hakimu chini ya kifungu cha 5, isipokuwa umewaruhusu mwenyewe. Kasoro kwenye hati inafaa kumwonyesha wakili, ila msiitegemee peke yake.

Mkiitwa kuhojiwa, hata kama wanasema ni mazungumzo ya hiari tu, ombeni wakili wa zamu. Kituoni ni bure, na mkalimani wa Kiswahili ni bure pia. Msiende "kueleza tu". Sentensi kama "ndiyo, ana damu kidogo ya pit bull" inasomwa mahakamani neno kwa neno.

Kutoka hapo polisi wana njia mbili, na kwa familia yenu tofauti yake ni kubwa.

Ya kwanza ni kumshtaki mwenye mbwa chini ya kifungu cha 1. Kosa hili halihitaji nia mbaya: kuwa naye tu kunatosha, hata kama uliuziwa kwa jina lingine kabisa. Adhabu ya juu ni miezi 6 jela, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Mashtaka yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi 6.

Ya pili ni kifungu cha 4B. Hapo hashtakiwi mtu. Polisi wanamwomba hakimu amri juu ya mbwa mwenyewe, na hakimu ana uwezo wa kukataa kumuua na badala yake kutoa amri ya masharti. Hakuna hukumu ya jinai inayobaki kwenye rekodi ya mtu. Kwa aliye kwenye maombi ya uraia hili si jambo dogo, maana hukumu ya kosa lazima itajwe kwenye fomu, na onyo rasmi la polisi nalo hutajwa. Kwa hiyo msikubali onyo rasmi eti "tumalize". Mwambieni wakili awaandikie polisi mapema, kabla hawajaamua, awaombe watumie 4B. Barua iseme mbwa hana historia ya kudhuru, mlimnunua kwa nia njema, na mko tayari kutimiza masharti yote. Vikosi vingi huikubali njia hiyo kwa mbwa wa nyumbani asiye na tukio, kwa kuwa kwao pia ni nyepesi. Ubaya wake: msitegemee msaada wa serikali wa gharama za wakili kama ule wa kesi za jinai, na mkipinga mkashindwa, polisi wanaweza kuomba mlipe gharama zao. Suala la gharama liafikianwe kwa maandishi kabla ya siku ya kusikilizwa.

Sasa kiini chenyewe. Kitakachomrudisha Simba si jibu la "ni pit bull au si pit bull". Ni jibu la "ni hatari kwa umma au si hatari". Mwaka 1991 sheria ilipotungwa, mbwa akishaonekana ni wa aina hiyo, hakimu hakuwa na hiari, aliamuru auawe. Marekebisho ya 1997 yakampa hakimu hiari. Tangu marekebisho ya 2014 sheria inataja wazi anachopaswa kukitazama: hulka ya mbwa, mwenendo wake wa nyuma, na kama mwenye mbwa au anayemshika kwa wakati huo ni mtu anayefaa kuwa naye. Anaweza kuangalia na mengine, mfano nyumba, uzio, na watoto waliomo. Nguvu yenu iende huko.

Kipanga77

Mimi ningeanza na DNA. Kipimo kikisema asilimia kubwa ni Staffordshire, ambaye hajakatazwa, kesi imekufa. Halafu fungueni ombi la saini mtandaoni. Watu laki moja wakisaini, polisi wataogopa kelele.

Mshauri wa Kesi

Kipanga, nakuelewa, lakini yote mawili yatawapotezea fedha na muda.

Sheria ya 1991 haisemi "mbwa wa ukoo wa pit bull". Inasema aina inayojulikana kama pit bull terrier. Mwaka 1993 mahakama kuu iliamua kwamba aina ni pana kuliko ukoo, na kwamba inatosha mbwa awe na sehemu kubwa ya sifa za umbo zilizoandikwa kwenye kipimo cha wafugaji wa Marekani, ADBA. Wazazi wake walikuwa nani si hoja inayoamua. Mbwa wawili halali kabisa wanaweza kuzaa watoto watano, mmoja akakua na umbo linaloangukia kwenye kipimo hicho, na huyo mmoja ndiye haramu, ndugu zake wanne wakabaki halali. Karatasi ya DNA inajibu swali ambalo mahakama haikuuliza.

Umbo linapimwa hivi, na ni vizuri mjue kabla ya kulipa mtaalamu. Akitazamwa kwa ubavu mbwa anatakiwa aonekane mraba: kimo mpaka begani kilingane na urefu kutoka mbele ya bega hadi ncha ya nyuma ya nyonga. Kichwa kiwe na umbo la kabari kikionwa kwa ubavu na kwa juu, lakini cha mviringo kikionwa kwa mbele. Upana wake uwe kama theluthi mbili ya upana wa mabega, na mashavuni kizidi shina la fuvu kwa takriban asilimia 25. Umbali wa kutoka kisogoni hadi katikati ya macho ukaribiane na ule wa kutoka hapo hadi ncha ya pua. Mbavu ziwe na kina na kuchongoka chini, zisiwe duara kama pipa. Manyoya yawe mafupi, tabaka moja. Mkia ufike karibu na kifundo cha mguu wa nyuma. Hahitaji kufikia vyote. Mbwa mwenye mbavu za pipa, miguu mifupi na mwili mrefu kuliko kimo ana hoja nzuri ya kupinga. Mbwa anayepata karibu kila mstari hana, hata mkimpenda vipi.

Na kuna mtego wa tarehe. Katika kesi ya mashtaka, kifungu cha 5(5) kinageuza mzigo: upande wa mashtaka ukidai mbwa ni wa aina hiyo, inachukuliwa hivyo mpaka wewe uonyeshe vinginevyo. Na hutaruhusiwa kuleta ushahidi huo kama hukuwapa taarifa angalau siku 14 kabla ya siku ya kuuleta. Watu wamefika mahakamani na mtaalamu mzuri mkononi, wakazuiwa kwa sababu taarifa ilichelewa.

Utaratibu unaofaa ni huu: wakili aombe maelezo ya afisa, jedwali la vipimo, picha na video. Mtaalamu wenu wa kujitegemea avisome vyote, kisha aende kumwona mbwa mara moja na kuandika ripoti yenye sehemu mbili, ya umbo na ya hulka. Akisema umbo linabishaniwa, pingeni. Akisema limekaa wazi, kubalini aina na mpambane kwenye hulka peke yake. Kubishia umbo lililo wazi kunaongeza miezi ya mbwa bandani, kunaongeza gharama, na kunamfanya hakimu awaone kama watu wasiotaka kukubali masharti.

Kuhusu saini: Belfast inatosha kama somo. Mbwa aitwaye Lennox alichukuliwa na baraza la jiji mwezi Mei 2010. Kampeni yake ikasambaa dunia nzima na saini zikawa nyingi mno, lakini rufaa zilishindwa na akauawa tarehe 11 Julai 2012, baada ya miaka 2 bandani. Ireland Kaskazini ina sheria yake, lakini swali lilikuwa lile lile: je, ni hatari? Wataalamu walitofautiana juu ya hulka yake, na mahakama haikuhesabu saini. Mji huo huo mwaka 2016 mbwa aitwaye Hank alichukuliwa, naye akapata kelele kubwa mtandaoni. Kilichomfungulia mlango ni tathmini ya hulka na makubaliano ya masharti. Kama mnachangisha fedha mtandaoni, changisheni za wakili na mtaalamu. Msimtaje afisa yeyote, msimtukane mtu, na msipandishe video ya zamani ya Simba akikimbia bustanini bila kamba. Hiyo video ataichapisha mwanasheria wa polisi.

Mlezi wa Simba

Asante sana, nimeelewa. Hatujasaini na hatutasaini. Maswali mawili zaidi. Kwanza, hilo la kurudi nyumbani akisubiri kesi lipo kweli? Pili, mume wangu ndiye aliyeandikishwa kwenye chipu (ile ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya mbwa) kama mwenye mbwa, na ana kosa la zamani la ugomvi, miaka mingi imepita. Je, tumwandikishe mdogo wangu anayeishi mji mwingine awe ndiye mwenye mbwa?

Mshauri wa Kesi

La kwanza lipo. Kanuni za msamaha za 2015 kwa England na Wales (msamaha ni ruhusa ya kumfuga kwa masharti mbwa wa aina iliyokatazwa, nayo hutolewa kwa cheti) zinamruhusu mkuu wa polisi kumwachia mbwa kwa muda wakati kesi inasubiriwa, kama ameridhika kwamba si hatari kwa umma. Ni hiari yake, si haki yenu, na vikosi vinatofautiana sana: vingine hufanya hivyo kila wakati, vingine karibu havifanyi. Msiombe kwa simu. Pelekeni barua yenye viambatisho: picha za mlango, dirisha na sehemu ya nje, barua ya daktari wa mifugo, nukuu ya bima, risiti ya kifunga mdomo, ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na majina ya watu wazima wote wanaoishi hapo. Wakikataa, ombeni sababu kwa maandishi. Kukataa bila kutazama hali ya mbwa husika kunaweza kupingwa mahakama kuu, lakini njia hiyo ni ya gharama.

Jueni pia kwamba kuachiwa kwa muda kunakuja na kuhasiwa. Kama mnapinga umbo na mnaamini mtashinda, hilo halirudishwi nyuma. Wengi huona ni bei wanayokubali ili mbwa asikae bandani mwaka mzima, na mimi nakubaliana nao.

La pili, hapana. Msimhamishie mdogo wako. Kwanza, kumgawa mbwa wa aina iliyokatazwa ni kosa jipya. Pili, mahakama kuu imeshaamua kwamba anayeweza kupimwa kama "anayefaa" ni mwenye mbwa, au mtu aliyekuwa kweli na dhamana ya mbwa huyo kabla hajachukuliwa. Huwezi kumleta mgeni mwema aje kumchukua. Kwa hiyo mtu wa kuangaliwa ni wewe. Kama wewe ndiye uliyekuwa ukimlisha, kumtembeza, kumpeleka kwa daktari, kulipa bima, kusanya ushahidi wa hilo: risiti zenye jina lako, kadi ya chanjo, ujumbe wa simu wa miadi, barua ya jirani anayekuona naye kila asubuhi. Wewe uwe mwombaji. Kosa la zamani la mumeo lisifichwe, lielezwe lilikuwa lini na nini kimebadilika, maana polisi watalileta wenyewe na likitoka kwao linaonekana lilifichwa. Kinachowaangusha watu hapa mara nyingi ni ukatili kwa wanyama, dawa za kulevya, silaha, au kuvunja amri za mahakama. Ugomvi mmoja wa zamani peke yake si mwisho wa njia.

Daktari wa Mifugo

Niongeze upande wa mbwa mwenyewe, kwa sababu ripoti ya hulka ndiyo inayobeba kesi na inaandikwa mbwa akiwa mahali pabaya.

Mara nyingi hamtaambiwa yuko banda gani wala kuruhusiwa kumtembelea. Mbwa wa nyumbani akiwekwa kwenye zege, kelele za kubweka usiku na mchana, watu wasiomgusa, atabadilika ndani ya wiki chache. Ataanza kuzunguka mahali pamoja, kujilamba mpaka manyoya yatoke, kupungua uzito, kuruka mlangoni, au kunyamaza kabisa. Asiyejua historia yake anaweza kuyasoma haya kama ukali. Kwa hiyo wakili aombe kumbukumbu za bandani: uzito kila mara anapopimwa, matibabu, chakula anachopewa, mara ngapi anatolewa nje, na nani amemshika bila tatizo. Maelezo ya mfanyakazi wa bandani kwamba "anashikika vizuri" ni ushahidi mzuri sana, nao upo kwenye daftari lao wenyewe. Kama ana mzio, dawa au maumivu ya viungo, daktari wenu awaandikie polisi sasa hivi. Mbwa mwenye sikio bovu atamkatalia mtu kumshika kichwa, na hilo litaandikwa.

Mtaalamu wa hulka aende mapema, kabla mbwa hajachakaa, lakini siku ya tathmini asimwanze dakika ya kwanza anapotolewa bandani. Atolewe kwanza, atembee, anuse, akojoe, atulie. Kisha ndipo mgeni amkaribie, ashikwe mwili mzima, afungwe na kufunguliwa kamba, awekewe chakula na kuondolewa, asikie kishindo cha ghafla, aone mbwa mwingine kwa mbali kisha karibu kidogo. Yote yarekodiwe kwa video bila kukatwa. Mpelekeeni mtaalamu maneno ambayo Simba anayaelewa, kwa lugha mnayozungumza naye. Mbwa aliyezoea "kaa" na "njoo" akiamriwa kwa Kiingereza tu ataonekana hasikii.

Barua ya daktari wenu isiwe ya sifa za jumla. Iseme amemwona mara ngapi, kati ya tarehe ipi na ipi, alifanyiwa nini (sindano, kukatwa kucha, kupimwa joto kwa nyuma), na kama alihitaji kufungwa mdomo au la. Mbwa aliyechomwa sindano na kupimwa joto bila kufungwa mdomo ameshafanya mtihani kabla ya mahakama.

Nunueni sasa kifunga mdomo cha kikapu, kile chenye matundu. Kile cha kitambaa kinachobana taya hakifai kwa matembezi, kwa kuwa mbwa hawezi kuhema mdomo wazi, na mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Vipimo: urefu wa pua kutoka ncha hadi karibu chini ya macho, mzunguko wa sehemu nene ya mdomo, na kimo mdomo ukiwa wazi kidogo kama anayehema. Ongeza nafasi ya sentimita 1 hadi 2 mbele ya pua. Akiweza kunywa maji, kuhema na kupokea kipande cha nyama kupitia matundu, kimemkaa. Kikiweza kuvuliwa kwa kukwaruza na mguu wa mbele, kamba ya juu ya kichwa imekosekana au ni ndefu mno. Akirudi, msimvalishe na kutoka siku hiyo hiyo kama mnaweza kuepuka. Anzeni na chakula ndani ya kikapu bila kufunga, kisha kufunga sekunde chache, kisha dakika, kisha kutembea ndani ya nyumba.

Mwenye Jirani

Swali la pembeni tu: mbwa wa XL Bully naye anafuata njia hii hii? Jirani yangu hakuwahi kuomba cheti.

Mshauri wa Kesi

Ndiyo, kwa sehemu kubwa. XL Bully aliongezwa kwenye orodha iliyokuwa na Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Kwa England na Wales, kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 ikawa lazima kamba na kifunga mdomo hadharani, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 kuwa naye bila cheti ni kosa. Dirisha la kuomba cheti wenyewe lilifungwa tarehe 31 Januari 2024 saa sita mchana. Sasa hivi cheti kinapatikana kupitia amri ya mahakama tu, kama ilivyo kwa pit bull. Scotland na Ireland Kaskazini zina tarehe zao.

Kipimo chake ni tofauti na kinaanza na kimo: dume mzima kuanzia sentimita 51 begani, jike kuanzia 48. Aliye chini ya hapo si XL Bully kwa kipimo cha serikali, hata awe na kichwa kikubwa namna gani. Kwa hiyo kwa mbwa aliye mpakani, namna alivyosimamishwa wakati wa kupimwa ni hoja halisi: sakafu tambarare, miguu wima, kichwa kawaida, kipimo juu ya mabega na si shingoni. Jirani yako amwone wakili kabla polisi hawajabisha hodi.

Mlezi wa Simba

Wakili amepatikana, ameandika barua ya 4B. La mwisho: tuseme hakimu amekubali. Kuanzia siku hiyo nini kinatakiwa, na wapi watu wanaharibu?

Mshauri wa Kesi

Hakimu atatoa amri ya masharti: mbwa atauawa isipokuwa apate cheti cha msamaha ndani ya miezi 2. Saa inaanza siku hiyo, si siku mtakayopokea barua. Mambo manne lazima yakamilike humo ndani: ahasiwe, awe na chipu, awe na bima ya mtu wa tatu, na ombi pamoja na ada vifike kwenye daftari la mbwa waliosamehewa linaloendeshwa na Defra, wizara ya mazingira na chakula. Ada ni pauni 92.40. Cheti kikitoka, ndipo polisi wanamwachia.

Wanapoharibikiwa ni kwenye vitu vidogo. Simba bado yuko mikononi mwa polisi, kwa hiyo kuhasiwa kunahitaji wao wamtoe au daktari aende. Pangeni tarehe wiki ile ile ya amri, msingoje simu yao. Mara nyingi makampuni ya bima hukataa aina zilizokatazwa kwa maandishi madogo, na bima ya namna hiyo haifai kitu. Ombeni uthibitisho wa maandishi kwamba inafunika kifo au jeraha la mtu litakalosababishwa na mbwa huyo, kwa aina yake. Jina kwenye amri, kwenye bima na kwenye ombi liwe moja, herufi kwa herufi. Namba ya chipu isomwe upya na daktari siku ya upasuaji, isinakiliwe kutoka karatasi ya zamani. Mkiona miezi 2 haitoshi, kwa ugonjwa au kwa uzembe wa bandani, wakili aombe mahakama iongeze muda kabla haujaisha. Ukishaisha hali ni mbaya sana.

Na kama hakimu akikataa, rufaa inakwenda Mahakama ya Crown na muda wake ni kama wiki 3. Ulizeni tarehe kamili kwa karani kabla hamjatoka jengoni. Taarifa ya rufaa ikishaingia, mbwa haruhusiwi kuuawa mpaka rufaa iamuliwe.

Baada ya hapo ni maisha yake yote. Bima inahuishwa kila mwaka, na ikikatika, msamaha unaweza kuanguka nayo na akachukuliwa tena. Analala anuani moja na mwenye cheti, isipokuwa siku zisizozidi 30 kwa mwaka. Mkihama mnatoa taarifa, na mwenye nyumba mpya aulizwe kabla ya kusaini mkataba. Polisi wakiomba cheti na bima, mna siku 5 kuvionyesha. Hauzwi, hagawiwi, na anayeshika kamba asiwe chini ya miaka 16.

Kwenu ghorofani angalieni hili zaidi ya yote: ngazi, lifti, korido na ua wa pamoja ni mahali pa umma kwa sheria hii. Kamba na kifunga mdomo vinavaliwa ndani ya mlango wenu, kabla haujafunguliwa. Gari likiwa barabarani nalo linahesabiwa hivyo, hata kama madirisha yamefungwa, basi avae na humo. Wekeni geti la ndani kati ya mlango mkuu na sebule, ili mtu wa kuleta mzigo akigonga, Simba asiweze kufika kizingitini hata mtoto akifungua kwa haraka.

Daktari wa Mifugo

Na vikapu viwe viwili. Kimoja kikivunjika siku ya Jumapili, hamna namna halali ya kumtoa nje kukojoa.